Milembe na Piza Nyepesi ya Mkwewe

Kengele ya misa ya asubuhi haijalia, na Milembe ameshawasha moto. Amechuchumaa mbele ya pipa lililolazwa juu ya matofali nyuma ya nyumba yao hapa Bariadi. Anachota unga wa mahindi kiganjani, anautupa ndani ya pipa, anautazama.

Unga ukibaki mweupe, moto bado. Ukiwa mweusi, moto umezidi. Leo unageuka polepole mpaka unafikia rangi ya chai ya maziwa, naye anaguna kwa kuridhika. Anasukuma sinia ndani, anaegemeza jiwe kwenye mlango wa bati, kisha anatoa rozari mfukoni mwa aproni.

"Mimi sina saa," anasema. "Piza nene ya zamani ilikuwa inaiva kwa mafungu mawili ya rozari. Hii nyembamba ni fungu moja tu, Salamu Maria kumi. Nikisali polepole inaungua. Nikisali harakaharaka, nina dhambi."

Leo anasali kwa mwendo wa wastani. Ni Jumanne, siku ya kliniki ya presha. Baadaye asubuhi hii baba mkwe wake, Mzee Mashimba, atavishwa kile kitambaa cha mkononi na kupimwa. Presha ikiwa imeshuka, atarudi nyumbani kwake. Ikiwa haijashuka, atapakiwa kwenye gari na kupelekwa hospitali kubwa ya Mwanza.

Mzee haitaki Mwanza. Mdogo wake, marehemu Mihayo, alianguka shambani na pamba mkononi. Alipelekwa Mwanza akiwa anaongea, akarudishwa ndani ya sanduku. Tangu siku hiyo, mzee akisikia neno Mwanza hujifanya amesinzia.

"Kama ingekuwa kazi ya mtu mwingine kumponya, ningemwachia mtu mwingine," anasema Milembe. "Lakini anayempikia ni mimi. Akienda Mwanza na asirudi, kila sahani niliyompa itanishitaki."

*

Katika mji huu, ukiuliza Milembe binti Masalu anakaa wapi, watu watafikiri kidogo. Ukiuliza Mama Nancy wa mkate, hata mbuzi watakuonyesha njia.

Alijifunza piza bila kuitafuta. Soko la pamba lilipofunguliwa miaka mitano iliyopita, wanunuzi binafsi walishuka Bariadi kama kumbikumbi baada ya mvua, na mmoja wao akaleta mitambo ya kuchambulia pamba pamoja na fundi kutoka Italia. Vipuri vya mitambo vikakwama bandarini. Fundi akabaki nyumba ya wageni hana la kufanya, na Milembe ndiye aliyekuwa akiosha vyombo pale.

"Mtu mzima asiye na kazi huingia jikoni," anasema. "Alikuwa anakanda unga huku anagomba. Sikujua anachosema, ila nilijua lini nimekosea, maana alishika kichwa."

Vipuri vilifika, mitambo ikafungwa, fundi akaondoka. Milembe alibaki na sinia moja la bati na hamu ya kupika. Alipotaka kuanza kuoka na kuuza, ukoo wa mumewe ulikaa kikao. Shangazi mmoja alisema mke wa mtu hawezi kukaa barabarani na moto kama mfua vyuma. Wengine wakaitikia.

Mzee Mashimba aliwasikiliza mpaka wote wakachoka. Kisha alinyanyuka, akaenda kwenye kona ya nyumba, akamwaga maji ya mvua yaliyokuwa ndani ya pipa lake, akalivingirisha hadi katikati ya kikao.

"Hilo hapo," alisema. "Nani bado ana neno?"

 Nyumba ikakosa maji ya mvua, mji ukapata mkate. Siku hizi Milembe huuza mikate asubuhi, na siku za mnada huuza piza kwa vipande, shilingi mia mbili kimoja. Siku njema, akishatoa fedha ya kuni, unga na nyanya, hubaki na elfu mbili. Mumewe, Constantine, huwa Lalago msimu mzima akipima pamba za watu, kwa hiyo anayeendesha nyumba ni yeye.

Na mteja wake wa kwanza, asiyelipa na asiyekosa, akawa mzee mwenyewe. Aliita piza "chapati yenye mzigo." Meno yake ni machache, ugali wa mtama ulishaanza kumshinda, na mboga za majani alisema ni haki ya mbuzi, yeye si mtu wa kudhulumu mifugo. Lakini piza ya Milembe, yenye majarini ndani ya unga, nyama ya kukaanga juu yake na jibini iliyotanda kama blanketi, aliila mpaka akalamba vidole.

Jibini ilitoka kwa Nuruddin, Mzaramo mwenye duka la vitambaa na vyakula karibu na stendi. Zamani, miaka ya foleni, mtu alipanga mstari kwanza ndipo akauliza kinachouzwa. Siku hizi Nuruddin huagiza anachotaka kutoka Dar es Salaam. Jibini ya kwanza ilisafiri kwa treni hadi Malampaka, ikangoja lori kwa siku kadhaa juani, ikafika Bariadi ikiwa uji.

"Aliniambia hiyo ni jibini ya kunywa," anakumbuka Milembe. "Nikainunua. Mzaramo akikuuzia kitu, unafika nyumbani ndipo unashangaa."

*

Mwanzoni mwa mwaka huu mzee alishikwa na kizunguzungu akitoka kanisani. Daktari Januarius, ambaye huendesha kliniki ya presha hapa mjini, alimpima, akapima tena, akamwita Milembe pembeni. Chumvi ipungue kwa nusu. Mafuta yaondoke. Nyama iwe kidogo. Majarini, samli na jibini ya dukani asivione kabisa.

"Nikamuuliza, daktari, na piza je? Akaniambia, mama, hiyo piza ndiyo nimemaliza kuielezea."

Kumnyima mzee piza kungekuwa kumnyima chakula, maana kingine hakuwa anakula. Kwa hiyo Milembe akaamua kuipunguza uzito. Na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu mpishi anayejaribu chakula kipya anahitaji kitu kimoja tu, mtu wa kumwambia ukweli. Milembe hakuwa naye.

Kwa familia ya Mzee Mashimba, Wasukuma wa Ngulyati kwa asili, mkamwana na baba mkwe wanaheshimiana kiasi kwamba heshima yenyewe ni ukuta. Milembe humpelekea chakula, hupiga magoti, huweka sahani juu ya kigoda, hugeuka na kuondoka. Hasimami kumwangalia anavyotafuna. Hamuulizi kama kimekolea. Jina lake halitamki. Mzee naye hawezi kusema chakula ni kibaya, wala kukirudisha, kwani kurudisha chakula cha mkamwana ni sawa na kumwambia afunge virago arudi kwao.

Kwa hiyo barua yao pekee ilikuwa sahani. Ikirudi imebaki chakula, Milembe huhuzunika. Ikirudi tupu, humshukuru Mungu.

Jaribio la kwanza aliondoa nyama, jibini na majarini, akaacha unga na nyanya. Ilikuwa kama shamba la pamba baada ya mavuno. Sahani ikarudi tupu.

La pili aliweka kabichi. Kabichi ikatoa maji, piza ikalowa, akaibeba kwa mikono miwili kama mgonjwa. Sahani ikarudi tupu.

La tatu alichanganya unga wa mtama, kwa kuwa alisikia nafaka nzito ni nzuri kwa damu. Siku hiyo alikuwa ameitwa kwenye jumuiya ya kanisani, akamwomba jirani yake Zamda, muuza samli na viungo, amwangalizie pipa.

"Nikamuuliza naiepua lini," anasimulia Zamda. "Akaniambia, sali fungu moja. Mama Nancy, mimi ni Mwislamu, nina tasbihi yangu. Nikahesabu Subhanallah thelathini na tatu, nikaepua. Mbichi."

"Nilimwambia, Zamda, zako ni fupi," anasema Milembe.

"Nikairudisha nikasoma mara nyingine tatu, isije ikasemwa dini yangu haiivishi. Ikatoka ngumu. Nikamwambia, shoga, hii si piza tena, hii ni mfuniko. Ifunike mtungi."

Haikufunika mtungi. Ilipelekwa kwa mzee, kwani hapakuwa na chakula kingine. Mzee mwenye meno machache, na mengi kati ya hayo yakiwa upande mmoja. Sahani ikarudi tupu.

"Hapo ndipo ningepaswa kushtuka," anakiri Milembe. "Lakini nilikuwa nimezama katika kushukuru. Nikasema kweli Mungu hutenda, mkwe wangu amepokea chakula chepesi kwa moyo mmoja."

Kisha ikaja piza anayoiona kuwa kazi bora ya mikono yake. Badala ya jibini ya dukani alichukua maziwa mgando, akayasukasuka ndani ya kibuyu mpaka siagi yote ikatoka. Maziwa yaliyobaki, yasiyo na mafuta, akayapasha moto polepole hadi yakagandamana, akayachuja kwa kitambaa safi na kuyaning'iniza darini mpaka asubuhi. Akapata jibini nyeupe, kavu kidogo, inayovunjika kwa vidole. Siagi akaichemsha kuwa samli, akampa Zamda amuuzie, ili isikae nyumbani kumshawishi mtu.

Alisukuma unga mwembamba, akatandaza juu yake nyanya mbichi, vitunguu, ile jibini nyeupe, chumvi ya kuonja tu. Sahani ikarudi tupu. Milembe alikwenda kliniki na mzee mwezi huo akiwa amenyoosha shingo kama mzazi anayengoja matokeo ya mtihani.

Presha ilikuwa imepanda.

"Daktari aliniita mlangoni akaniuliza, mama, unamlisha nini huyu?" anasema. "Nikamwambia, kabichi, mtama, maziwa yasiyo na mafuta. Akaniangalia. Akamwangalia mzee. Mzee akaangalia dari. Daktari akasema, basi labda anakunywa mafuta ya taa."

Daktari Januarius anakumbuka siku hiyo bila kucheka. "Ilikuwa mia moja na tisini kwa kipimo cha juu. Niliwaambia wazi, mwezi ujao ikibaki hapo, simweki hapa. Anakwenda Mwanza. Mzee akafumba macho palepale kwenye kiti."

*

Milembe alianza novena, sala ya siku tisa. Alimwomba Mungu amwonyeshe kosa lake, hata kama lina aibu. Siku ya tano akapata jibu, nalo lilikuwa ndani ya beseni la vyombo.

Alikuwa anaosha sahani ya mzee kwa maji ya baridi. Ilimponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena. Akaipitishia kidole, kidole kikateleza kama kwenye barabara ya mfinyanzi wakati wa masika.

"Nikajiuliza, piza isiyo na tone la mafuta inawezaje kuacha sahani inang'aa hivi? Nikanusa. Samli. Tena samli nzuri."

Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Zamda, akauliza kwa upole nani hununua samli siku hizi.

"Nikamwambia, shoga, mteja wangu mkubwa ni mzee wako," anasema Zamda. "Kila Jumamosi, kikombe kizima. Nilimuuliza ya nini yote hii, akasema ya kuchua magoti. Nikasema moyoni, magoti ya Wasukuma yanakula jamani."

Milembe alikaa chini juu ya gunia la pilipili. Samli ile ilikuwa yake mwenyewe. Aliyoitoa kwa kibuyu, mkono ukamuuma, ndiyo iliyorudi kwa mlango wa nyuma na kumiminwa juu ya piza ileile iliyotolewa mafuta. Alikuwa anafagia kwa mbele, mtu anamwaga taka kwa nyuma.

Sasa alijua kosa. Lakini alikuwa hana mdomo wa kulisema. Mkamwana atamwambiaje baba mkwe, nimekukamata? Mumewe yuko Lalago, na hata angekuwepo, mtoto wa kiume naye hamkemei baba yake juu ya tumbo. Padri? Mzee angeitikia kila kitu kisha akanunua vikombe viwili.

Alikwenda dukani kwa Nuruddin kununua hamira, machozi yakamtoka mbele ya mizani.

"Aliponieleza, nikamwambia, shemeji, umechelewa kuja," anasema Nuruddin. "Mimi ni mtani. Wazaramo na Wasukuma tunataniana tangu babu zetu wanabeba mizigo kwenda pwani. Mtani ndiye mtu pekee ambaye Mungu kampa leseni ya kumwambia mzee wa watu neno lolote."

*

Siku iliyofuata baada ya chakula cha mchana, Mzee Mashimba alikuwa amekaa uani kwenye kiti chake cha uvivu. Milembe alikuwa kwenye banda la jiko, jicho kwenye ufa wa ukuta. Nuruddin akaingia na jora la bafta nyeupe begani, futi ya kupimia shingoni, analia bila machozi.

"Poleni, enyi wafiwa," alisema.

"Nuruddin, nani kafa?" aliuliza mzee.

"Wewe, mtani. Nimewahi kabla bei haijapanda. Soko huria hili, kesho sanda itakuwa ghali."

"Mimi mzima."

"Kwa leo. Simama nikupime. Usikunje shingo, kitambaa kitapungua."

Mzee alisimama, kwani mtani akija na msiba wake hafukuzwi. Nuruddin akampima kichwa hadi kisigino, kisha akazungusha futi kiunoni, akaiangalia, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Hapa tumboni pekee pana sanda ya mtu mwingine. Unanitia hasara, mtani, na kitambaa natoa bure."

"Mimi Mkatoliki. Nitazikwa na suti."

"Suti ya kukutosha haipo Bariadi nzima. Labda tukushonee turubai la kufunikia pamba." Akajifuta macho makavu. "Na magoti yako tutayazika wapi? Nasikia yanakunywa samli kikombe kwa wiki. Magoti ya namna hiyo yanahitaji kaburi lao."

Mzee aliyaangalia magoti yake. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akarudi kukaa, akacheka mpaka akaomba maji. Lakini alipomaliza kucheka, aliongea taratibu, kwa sauti ambayo Milembe anasema hajawahi kuisikia.

"Mtani, nifanye nini? Mtoto wa watu anahangaika. Namwona anavyosukasuka kibuyu mpaka jasho linamtoka. Nikirudisha sahani, nitakuwa nimemuua. Ila chakula chenyewe ni kama misa ya Kilatini ya zamani. Najua ni takatifu, lakini hainiingii."

"Kinakosa nini? Mafuta?"

Mzee alifikiri. "Si mafuta. Harufu. Hakinuki kitu. Mimi nilikua nachunga ng'ombe. Maziwa yetu yalikuwa kwenye kibuyu kilichofukizwa kwa kijinga cha moto, ukifungua tu unasikia moshi, unajua umefika nyumbani. Samli ina harufu kidogo ya siku zile. Ndiyo maana naiweka."

Nyuma ya ukuta, Milembe aliweka kiganja mdomoni. Miezi yote ile alikuwa anaondoa vitu, na mzee alikuwa anatafuta kimoja tu ambacho hakina mafuta wala chumvi, ambacho hakuna daktari duniani anayekikataza.

Nuruddin hakuondoka bila kazi. Aliingia ndani, akainama chini ya kitanda, akatoka na kopo la samli. "Hili la marehemu nalirithi mimi," alisema. Mzee hakupinga. Alisema tu, "Basi mwambie huyo mkamwana, ila usimwambie kuwa nimesema."

Kwa muda wa wiki nzima, Nuruddin akawa posta. Alisimama uani hatua chache kutoka jikoni, akapaza sauti, "Mtani, kuna mtu asiye na jina anauliza, kijinga kiwe cha moto au kilichozimika?" Mzee naye akajibu akiangalia mawingu, "Mwambie mtu huyo kiwe kinatoa moshi tu, kisiwake, na kibuyu kizibwe mpaka moshi uishe wenyewe." Milembe aliyasikia yote kwa masikio yake, akangoja kwa adabu mpaka Nuruddin alipoingia jikoni kuyarudia.

Alifukiza kibuyu, akamwaga maziwa ndani, akayaacha yagande. Akasukasuka, akatoa siagi, akagandisha jibini. Jibini ikatoka na moshi ndani yake. Vitunguu akavichoma kwenye makaa na maganda yake, akavimenya, akavitandaza juu ya unga mwembamba pamoja na nyanya na kuku wa kienyeji wa kuchoma aliyechambuliwa. Chumvi, kwa ncha ya vidole.

Sahani ilirudi ikiwa na ganda moja la ukingo wa piza limebaki pembeni. Milembe aliiosha kwa maji ya baridi. Haikuteleza.

*

Ndiyo maana asubuhi hii ya Jumanne anasali kwa mwendo wa wastani. Anaepua piza, anaifunika kwa kitambaa. Zamda anakuja kumshika mkono. "Na mimi nimekuombea alfajiri," anasema. "Zile ndefu." Mzee ameshavaa koti. Anakwenda kliniki akisindikizwa na Nuruddin, ambaye amefunga duka na kusema hawezi kumwachia marehemu wake mtu mwingine.

Kliniki imejaa. Wagonjwa wamekaa kwenye mabenchi ya ukutani. Daktari Januarius anampima mzee, anaandika, anampa muda apumzike, anampima tena. Milembe amebaki nje ya mlango, kama adabu inavyotaka, anahesabu shanga bila kujua yuko kwenye fungu lipi.

"Mia moja hamsini na tano," anasema daktari hatimaye. "Haijafika ninapotaka. Vidonge viendelee, chakula kiendelee. Lakini Mwanza tumeiacha."

 Mzee anafungua macho, maana alikuwa ameshaanza kusinzia. Nuruddin anasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje kwamba amepata hasara kubwa na atafungua kesi.

Daktari anamfuata Milembe mlangoni. Anataka kujua kama chakula hicho anaweza kukipika kwa wingi. Ana wagonjwa wengi wa aina ya mzee huyu, anasema, wote wanaitikia kwa kichwa anapowakataza mafuta, na wote wana kopo chini ya kitanda.

Milembe ana mpango. Kuanzia mwezi ujao, kila Jumanne ya kliniki, atakaa nje ya lango na sinia la piza nyepesi, vipande vidogo, bei ileile ya mnada. Anatafuta pipa la pili. Amewaza pia kumfundisha Zamda kuoka, wakishakubaliana kuhusu sala.

Ukimwuliza hata hivyo furaha yake iko wapi, hataji pipa wala lango la kliniki. Anasimulia kilichotokea mchana huu, mzee aliporudi.

Alimpelekea sahani. Akapiga magoti, akamsalimu kwa Kisukuma, "Mwadela, baba," akaweka chakula juu ya kigoda, akanyanyuka, akageuka kuondoka kama alivyofanya siku zote za ndoa yake. Hakuwa amefika mlangoni aliposikia nyuma yake mtu akitafuna, akiacha kutafuna, akisafisha koo.

"Ng'wana Masalu," mzee alimwita, binti wa Masalu.

Alisimama. Hakugeuka.

"Nyanya za leo ni chachu."

"Nimesikia, baba," alijibu, akatoka, akaenda mpaka nyuma ya pipa, akakaa chini na kujifunika uso kwa aproni. Zamda alimkuta pale, akadhani matokeo ya kliniki yamekuwa mabaya.

"Kumi na sita, miaka kumi na sita nampikia," anasema Milembe, na anacheka huku anafuta macho. "Hajawahi kuniambia neno. Leo kaniambia nyanya ni chachu, na kweli zilikuwa chachu. Sasa nikiomba, namwomba Mungu kitu kimoja. Anipe miaka kumi mingine ya kulalamikiwa na mzee yule."